Jamaa Aliyezima Kiyoyozi

6 Februari

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia tu. Ulilelewa vizuri na mimi nilikuwepo. Sisi huku wazima. Mama yako, dada yangu, ni mzima, anakusalimia na anasema ule. Mimi mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo daktari alipolitazama aliita wenzake wawili waje kuona, akasema hajawahi kukuta goti lililofanya kazi nyingi kiasi hiki kwa mtu ambaye bado anatembea. Paa la jikoni tumeliziba. Nililiziba kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika redio. Mama yako atakuambia aliyeziba ni seremala. Seremala alikuwepo, sikatai. Alishika ngazi.

Utauliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ninayo. Simu, mpwa wangu, ina mdomo mrefu. Kila unachosema inakiweka. Karatasi ukiikunja imekunjwa.

Sasa habari yenyewe. Unajua cheo changu pale chuo cha wauguzi: Mkuu wa Usalama wa Chumba cha Mitambo. Mama yako anasema mimi ni mtunza ufunguo. Sawa, lakini ufunguo wa nini? Mle ndani mna seva, na ndani ya seva mna alama za kila mwanafunzi tangu chuo kianze. Hakuna mtu anayeingia bila kupita kwangu na bila mimi kumwandika katika daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Hata Mkuu wa chuo namwandika. Mimi peke yangu ndiye sijiandiki, kwa sababu mwenye nyumba hapigi hodi kwake.

Alhamisi iliyopita, mchana kweupe, seva ikakata roho. Taa zote chali. Mpwa, mtu mwingine angekimbia. Mimi nilikaribia taratibu, nikaigusa, ilikuwa ya moto kama pasi. Nikafungua mfuniko ipumue. Ndani mna visanduku sita vya diski, kimoja kinaunguza kuliko vingine, nikakichomoa, nikakipuliza mara tatu, nikakirudisha. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha, na mashine ikaamka ikinitazama kwa skrini ya bluu, ikanguruma mpaka vioo vya maktaba vikatetemeka. Maktaba iko jengo la pili. Baadaye fundi wetu alikuja akamalizia vitu vidogo vidogo. Lakini pumzi ya kwanza niliitia mimi. Mtaani walikuwa wananiita Profesa kwa utani. Sasa wananiita kwa adabu.

Kabla sijasahau, kuna jamaa mmoja, si wa hapa kwetu, ni wa ofisi nyingine kabisa, amenitafuta nimsaidie kimawazo. Anauliza hivi: mashine ya namna hiyo ikiwa imezimika, taa hakuna, feni hazizunguki, inaweza kujua kwamba mtu kaigusa? Na inaweza kumjua huyo mtu? Wewe ndiyo kazi yako kutibu seva za watu, hebu nieleze nimpelekee jibu, maskini, hana mtu msomi kwao.

Ni mimi mjombako,
Mkuu wa Usalama wa Chumba cha Mitambo


19 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilichukua siku tisa kunifikia, ikiwa na gundi ya kutosha kuziba paa la pili. Nimefurahi kusikia mama mzima. Mwambie nakula. Nimeng'olewa jino la mwisho upande wa kulia, na nimehamishiwa ghorofa ya juu kazini, ambako tuna mashine mia moja na themanini na dirisha moja. Pole na goti. Pole pia kwa seremala, kwa kushika ngazi muda wote ule.

Nijibu swali la jamaa yako.

Mwambie ndani ya kila seva mna kijimashine kingine, kidogo kama kiberiti. Kazi yake ni moja tu, kuitazama ile kubwa. Kina umeme wake, kwa hiyo kubwa ikizimika hicho hakizimiki. Kinaandika kila kitu na saa yake: joto limepanda kufika wapi, feni ipi imechoka, mfuniko umefunguliwa, diski namba fulani imechomolewa, kitufe kimebonyezwa, neno la siri limekosewa. Sisi tunaita logi. Seva ikifa, logi ndiyo tunayoisoma kwanza, kama daktari anavyosoma kadi ya mgonjwa kabla ya kumgusa.

Kuhusu kumjua mtu, mwambie hivi: haijui nani. Inajua lini.

Sasa na mimi nina maswali, na haya si ya jamaa, ni yako. Mashine ile imo katika chumba chenye kiyoyozi. Ilipataje moto wa pasi? Diski uliyoichomoa uliirudisha katika tundu lake au tundu lolote lililokuwa wazi? Na hiyo skrini ya bluu ilikuwa inaomba nini? Nauliza kwa sababu mashine za siku hizi ukizichezea hivyo hazikubali kuamka mpaka zipewe neno la siri la uokozi, na neno hilo huwa katika bahasha iliyofungwa, si kichwani mwa mtunza ufunguo.

Na fundi wenu hajambo? Katika barua za mwaka jana ulimsifu sana, yule mama wa watoto watatu asiyependa kusema, unayemwita Kimya. Safari hii amekuja tu akamalizia vitu vidogo vidogo.

Mpwa wako,
asiye na cheo


5 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Jino likitoka linatoa na akili kidogo, kwa hiyo nimekusamehe maneno mengine. Mama yako alipata mafua, amepona. Jirani yetu muuza mbao ameuozesha mlango wake wa mbele, kwa ubahili hakuupaka rangi, sasa anaingilia dirishani. Nilimwonya mwaka jana. Mtaa huu wote ningeuonya ungekuwa mji mwingine.

Jamaa nimempelekea jibu lako. Alishukuru sana. Alisema lini bila nani haimfungi mtu, na mimi nikaona ana akili, ingawa ni wa ofisi nyingine.

Maswali yako nayajibu kwa niaba yake, kwa kuwa yanafanana na mambo yake. Kiyoyozi alikizima kwa saa mbili tu, kwa sababu baridi ilikuwa inamla goti na alitaka kusikiliza redio kwa amani. Diski aliirudisha pale palipokuwa na nafasi; tundu ni tundu. Na ile skrini iliomba hilo neno la uokozi, ndiyo. Jamaa alijaribu mawili matatu: jina la chuo, jina la Mkuu, jina la mtaani analoitwa yeye. Ya nane ikagoma kabisa. Ndipo akampigia fundi wake simu.

Huku kwetu kumechafuka kidogo. Alama za siku tatu hazikurudi. Fundi alipofika alichukua ile bahasha kwa Mkuu, wakaifungua wawili, akaiamsha seva na kurudisha nakala ya akiba, lakini nakala ilikuwa ya Jumatatu. Wanafunzi sitini na mmoja wanatakiwa kurudia mtihani wa vitendo. Wamekasirika, si kidogo. Wanataka kujua nani alikuwa ndani ya chumba saa sita mchana, maana Mkuu amesikia kutoka kwa fundi mwenyewe kwamba seva ilizimika saa sita na dakika kumi na mfuniko ukafunguliwa dakika kumi baadaye. Aliisoma katika hiyo logi yako na akaipeleka kwa mkono wake. Watu wengine wanajipalia makaa.

Nikaitwa mbele ya kamati. Mpwa, ungeniona. Nimevaa koti la harusi ya mama yako, shati limenyooka, nimeshika daftari kama hakimu. Wakauliza nani aliingia. Sikutia neno langu hata moja. Nikasema, waheshimiwa, daftari hili hapa, lisomeni wenyewe. Wakasoma: Kimya, kaingia saa mbili na nusu asubuhi, katoka saa tatu. Kimya tena, kaingia saa sita kamili. Hakuna mwingine siku nzima. Mwenyekiti alivua miwani, akasema hajaona daftari lililotunzwa vizuri namna hii.

Fundi alisema yeye alifika saa saba na nusu. Nikafunga daftari. Kalamu inaweza kuteleza, lakini mimi si kalamu.

Amepumzishwa tangu tarehe ishirini na nne mwezi uliopita, mpaka uchunguzi uishe. Ufunguo wake wa chumba umefungiwa katika droo ya Mkuu. Wanafunzi wakimwona sokoni wanamwita Kifutio. Mimi siwaungi mkono, ila wana ubunifu.

Sasa jamaa ana swali la mwisho. Hiyo logi inafutwaje? Nieleze kwa maneno ya kawaida, hatua kwa hatua, kama unavyomweleza mtu kupika chai. Asitokee mkaguzi akaja kusumbua watu kwa mambo yaliyokwisha.

Mjombako,
Mkuu wa Usalama na Shahidi wa Kamati


18 Machi

Shikamoo mjomba,

Mama asiache dawa ya kifua hata kama anajiona amepona. Mimi mzima.

Jamaa yako naye ana goti? Naye ana redio? Naye mtaani wana jina wanalomwita? Nchi nzima ina magoti mabaya lakini hili moja linanitia shaka. Tuache kuvaa miwani ya mbao, mjomba. Jamaa wa ofisi nyingine ni wewe, na ofisi nyingine ni hiyo hiyo yako.

Sikufundishi kufuta chochote. Hata ungeniita mama mdogo nisingekufundisha.

Nikueleze kitu ambacho hukijui kwa kuwa hukai katika kazi yetu. Mtu wa seva akisemwa kwamba amechezea data za watu, hapati kazi tena popote. Hakuna anayemwuliza kama ilithibitishwa. Mwenye ofisi anapiga simu ofisi yako ya zamani, anasikia neno moja, anarudisha karatasi zako mezani. Mimi nimeona mafundi wazuri wakiishia kuuza vifuniko vya simu kwa sababu ya neno lililosemwa na mtu aliyekuwa anajikinga. Kimya ana watoto watatu na ufundi wake, basi. Wewe umemnyang'anya kimoja kwa kalamu iliyoteleza.

Na usiiguse hiyo logi. Nasema kama fundi, si kama mpwa. Ukiifuta, kijimashine kinafuta yote ya zamani halafu kinaandika mstari mmoja mpya, wa kwanza kabisa: kumbukumbu zimefutwa, tarehe fulani, saa fulani. Hakuna namna ya kufuta usiandikwe. Hivyo ndivyo kilivyotengenezwa, kwa ajili ya watu kama jamaa yako.

Nenda kwa Mkuu. Mwambie kilichotokea.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hukuandika. Siku kumi na tano hujajibu. Nikasema huenda ni posta, huenda ni kazi nyingi za ghorofani. Mama yako anasema nikuache. Mlango wa muuza mbao umepata bawaba mpya, lakini ameziweka upande usiofaa, unafungukia barabarani, juzi umempiga mwendesha baiskeli.

Hata hivyo usijisumbue tena na lile swali. Jamaa amejimalizia.

Mtu akiketi karibu na mafundi miaka minne anachota vitu. Kimya alipokuwa anakaa pale mimi nilikuwa begani kwake na kikombe cha chai, yeye anadhani natazama dirisha. Mbele ya seva kuna kikadi cha plastiki unakivuta kinatoka kama ulimi, na juu yake limechapishwa neno la siri la kiwandani la hicho kijimashine chako. Kimya alimwandikia Mkuu mara mbili kwamba neno hilo libadilishwe na kikadi kitolewe, Mkuu akasema mambo ya kiwandani tuwaachie wenye kiwanda. Basi. Jamaa alivuta ulimi, akasoma, akaandika kwenye kompyuta ya pembeni, akaingia kama anaingia kwao. Maneno yote ya kizungu, lakini alikuwa na kamusi yangu ile isiyo na jalada. Akatafuta penye neno futa. Mashine ikamwuliza mara mbili kama ana uhakika. Mpwa, hata mke wa jamaa hajawahi kumwuliza hivyo.

Alikuwa na uhakika. Kurasa na kurasa za joto, mfuniko, kitufe, zote zimeondoka. Pamebaki peupe, kuna kimstari kimoja tu juu ambacho hakukisoma kwa sababu kamusi inaanzia herufi D.

Ilikuwa jana saa nne asubuhi na dakika chache. Chai haijapoa. Wenye shahada wanasoma miaka minne kitu ambacho jamaa kakimaliza kabla ya andazi.

Mkaguzi anakuja mwezi ujao. Aje.

Mjombako,
Mkuu wa Usalama, na sasa tuseme ukweli, Fundi


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe kumi na nane utakuwa umeipata, na utakuwa umejua kile kimstari kimoja kinasema nini. Kama bado hukijui, kwenye barua ile ni aya ya tano. Usitafute katika kamusi.

Kaa chini tuhesabu pamoja, polepole, maana wewe ni Fundi.

Logi ya zamani ilikuwa inasema saa sita mchana, Alhamisi. Daftari lako lilisema saa hiyo alikuwemo Kimya. Hapo ulikuwa umemfunga kweli. Mashine haikuwa na namna ya kumtetea, ilijua lini tu, na wewe ulikuwa umeshajaza nani. Ungekaa kimya, ungekunywa chai yako, angefukuzwa.

Sasa logi inasema tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi. Siku hiyo Kimya alikuwa amekatazwa kukanyaga chuoni kwa karibu mwezi mzima. Ufunguo wake umo katika droo ya Mkuu. Ufunguo wa pili uko wapi, mjomba? Umefungwa kwenye mkanda wa suruali ya nani?

Umemtetea kwa mikono yako mwenyewe, na hukukusudia. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Halafu nilipokumbuka kwamba hukukusudia, kicheko kikaniishia.

Bado una nafasi. Mkaguzi hajafika. Kusema kabla ya kusomwa na kusema baada ya kusomwa ni vitu viwili, na Kimya atavitofautisha hata kama kamati haitavitofautisha.

Nikisikia amefukuzwa, nitamwandikia Mkuu wa chuo. Nitaambatisha barua zako zote, zenye tarehe, sahihi na vyeo. Ulisema karatasi ukiikunja imekunjwa. Zangu nimezikunjua, ziko mezani.

Mama sijamwambia. Sitamwambia. Hilo ni lako.

Mpwa wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako mzima, nimemwambia. Alikwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukauka.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya kwanza tarehe ishirini na tatu, ya pili tarehe saba. Nilikuwa na siku tisa kabla ya mkaguzi. Ungependa nikuambie nilikwenda kwa Mkuu asubuhi ile ile kifua mbele. Nilikwenda. Siku ya kwanza alikuwa na wageni. Siku ya pili mlango wake ulikuwa wazi na hakuwa na mgeni yeyote, nikapita nikaenda kuangalia kama bomba la uani linavuja. Halivuji. Siku ya tatu nalo halikuvuja. Siku zilizobaki sikuzunguka hata huko.

Mkaguzi alikuja tarehe kumi na sita. Nilimtarajia mtu mzito, mwenye mkoba wa ngozi. Alikuja mama mmoja mfupi na mfuko wa plastiki, ndani yake kompyuta na ndizi. Kamati yote ikasimama ndani ya chumba changu, Kimya naye akaitwa, akasimama karibu na mlango na mkoba wake mbele kama mtu anayesubiri basi. Sikumwandika katika daftari. Mkono ulikataa.

Mkaguzi alifungua logi akatazama kidogo tu. Akasema hapa pana mstari mmoja, na akausoma, kwanza kizungu halafu kwa lugha yetu: kumbukumbu zimefutwa, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne na dakika saba. Akaanza kula ndizi. Hakuuliza mtu swali lolote. Nafikiri kazi yake ameizoea.

Mkuu akasema ufunguo wa fundi upo kwake. Akaenda, akarudi nao, bado umo katika bahasha na muhuri juu. Akaushika mbele yetu. Watu saba, mpwa, na hakuna aliyenitazama. Walitazama mkanda wangu.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga kwa siku tisa, ina mwanzo mzuri sana kuhusu goti. Nilichosema ni "Mimi." Mwenyekiti akauliza mimi nini. Nikasema vyote. Kiyoyozi mimi, mfuniko mimi, diski mimi, yale maneno manane mimi, saa sita katika daftari mimi, na hii ya Machi mimi. Mwenyekiti alivua miwani, safari hii hakusifu kitu.

Kimya amerudishwa kazini kwa barua iliyosomwa mbele ya wanafunzi wote uwanjani. Kabla ya kukaa, alibadilisha lile neno la siri na kukitoa kile kikadi, akakikata vipande viwili kwa mkasi. Mimi nimesimamishwa, wiki ijayo nasikia lililoamuliwa. Wanasema huenda nikapelekwa kukata nyasi, huenda nikapelekwa nyumbani. Ufunguo nimerudisha pamoja na mkanda wake. Suruali inashuka.

Jumapili nilikwenda kwake. Ni mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Alifungua mwenyewe, ana unga mikononi, akaniamkia shikamoo baba kama siku zote, na hapo ndipo nilipotamani angenitukana. Hakunikaribisha ndani. Nikaanza ile hotuba. Safari hii niliitoa yote. Nilimweleza goti, baridi, hofu iliyonishika, jinsi mtu anavyoweza kujikuta katika jambo bila kujua ameingiaje, jinsi nilivyomheshimu miaka yote, jinsi nilivyomsifu katika barua kwa mpwa wangu aliye mbali. Nilisema sana. Hata machozi nilitoa, na mpwa wangu, yalikuwa ya kweli, nakuapia, sikuyaongezea chumvi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja. "Siku ile uliponipigia simu, ukaniomba nije haraka nikusaidie, jina langu ulikuwa umeshaliandika?"

Ningeweza kumwambia hapana. Hakuna mashine iliyoandika saa ya kalamu yangu. Hakuna mkaguzi ambaye angejua, wala wewe usingejua.

Nikasema ndiyo. Lilikuwa limeshakauka.

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepata namba aliyokuwa anaitafuta. Alisema alikuja akikimbia, alimwacha mtoto wa mwisho kwa jirani, viatu alivalia njiani. Kisha akafunga mlango, taratibu, kwa kiganja, bila kuubamiza. Nilibaki pale kwenye ngazi muda mrefu nikiungoja ubamizwe.

Usinijibu haraka.

Mjombako